Gari ya Papa juu ya Shasi ya Kamio

Alhamisi, Ndosho

Sentimetre makumi ine tu. Sijui kwa nini sikuziona mbele ya kuanza kazi.

Leo mimi na mafundi wenzangu tulishusha bodi ya gari ya Papa, ile aliyoinunua angali kijana, juu ya shasi ya kamio, yale machuma ya chini ya lori. Ikakaa sawasawa, ila imepanda juu sentimetre makumi ine kuliko zamani. Nilichagua kamio kwa sababu ya mawe na mashimo ya njia ya Rutshuru, kusudi Papa afike kwa ndugu zake bila kugonga chini. Nilijivuna sana.

Papa akaja na fimbo, amevaa kama mutu wa kwenda misa. Akafungua mulango, akanyanyua muguu. Haukufika pa kukanyagia. Akajaribu ule mwingine, nao vilevile.

"Nikubebe, Papa?"

"Mimi si muzigo."

Nilipima gari yote, magoti yake sikupima. Naweza kutia ngazi ya chuma, lakini yeye atakubali? Na shasi ya zamani tulishaikata.

Akaenda kukaa kwenye kiti ya nyuma tuliyoitoa, pale chini juu ya mawe. "Basi tembeza, nione."

Nikapanda, nikazunguka nayo ndani ya parsele, kiwanja chetu, mara mbili. Kila nilipopita mbele yake, alinyoosha mukono kama mutu anayesimamisha gari njiani apande.