Sixten Ameuliza Gravitoni Ni Nini

Ylva uko wapi? Soma hii sasa hivi.

Ni Sixten, profesa wangu. Leo kwenye semina nilikuwa ubaoni naonyesha gravitoni mbili zinavyogongana na kutawanyika. Hesabu ni zake mwenyewe, ana miaka thelathini nazo! Akanyoosha mkono. "Samahani binti, hiyo gravitoni ni nini?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, Ylva. Nikamjibu kwa utani, "Ni chembe inayobeba nguvu ya mvutano. Hakuna aliyewahi kuiona, ukiiona niite."

Yeye hakucheka. Aliandika jibu langu kwenye daftari. ALILIANDIKA.

Wakati wa kahawa akanifuata, mkate wa mdalasini mkononi. "Binti, nina swali la kijinga. Ile gravitoni ni kitu gani?"

Swali lilelile, sauti ileile.

Nikamwambia, "Sixten, acha basi, unanitisha."

Akanishika mkono. "Hata mimi naogopa. Usiwaambie wenzako."

Nimempigia mkewe, Birgit, nikijua nitamshtua. Akasema, "Kwa hiyo na huko kazini ameanza."

AMEANZA, Ylva. Ina maana nyumbani ni kitambo.

Sasa nimekaa naye ofisini kwake, tunamngoja Birgit aje kumchukua. Ukuta mzima una ubao uliojaa mwandiko wake. Amesimama anautazama muda mrefu, halafu amenigeukia akitabasamu.

"Huyu aliyeandika haya ni hodari kweli," amesema. "Unamfahamu?"