Doa Moja Liachwe

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Herim amekuja kutoka mjini Daegu na orodha. Binti yangu haendi popote bila orodha — karithi kwa mama yake. Namba moja: uso wangu. Mwisho wa mwezi tunakutana na wazazi wa Dohun, mchumba wake, na hataki wanione hivi nilivyo.

"Baba, umekuwa kama tufaha la kupewa ng'ombe."

Sikukasirika. Ni kweli. Miaka arobaini nalima matufaha, na kila vuli tunatandika karatasi za rangi ya fedha chini ya miti ili jua liruke juu, liyaivishe matunda mpaka kitakoni. Basi limetuivisha na sisi. Nina madoa hadi chini ya kidevu. Shavu la kushoto ndilo limezidi, upande wa dirisha la pikapu.

Mama Herim alinionya. Alipokuwa akiyavika matufaha mifuko ya karatasi alisema, "Na wewe ningekuvika, ila utakosa pa kupitishia sigara." Kila mwaka alininunulia krimu ya jua. Mimi nikiikamua kwenye shina la mti wa mwisho, ili tyubu ionekane imepungua. Aligundua baada ya miaka mitatu. Mti ule una ngozi nzuri sana.

Nimekubali kwenda kliniki, madoa yachomwe kwa leza. Kwa sharti moja: doa la chini ya jicho la kushoto, lenye umbo la haragwe, liachwe.

Herim kauliza kwa nini. Anajua kwa nini. Mwaka wake wa mwisho mama yake alisahau majina yetu yote. Nikiingia chumbani ananitazama kama wakala wa bima. Halafu ananyoosha kidole gumba, anasugua lile doa. "Haya, ni huyu." Hapo ndipo anakubali kula uji. Hivyo hivyo hadi Februari, alipofariki.

"Lakini Baba, hilo ndilo kubwa kuliko yote," kasema Herim. Kisha kaandika kitu kwenye orodha. Sikuona nini.

Jumatano, 4 Oktoba

Kliniki imejaa wakulima! Nilidhani nimeingia mkutano wa ushirika. Kila mwenye mtoto wa kuoa au kuolewa yuko pale.

Daktari ni mama mmoja mpole, ngozi kama yai lililomenywa. Kayakagua madoa moja moja kwa lenzi. Kasema doa lenye kingo za ovyo, au rangi mbili tatu, au linalokua upesi, au linalotoka damu, hilo halichomwi — linapimwa kwanza. Yangu yote ni ya jua na uzee tu. Hata haragwe. "Salama kabisa, Baba. Likae, litoke, ni hiari yako."

"Likae," nikasema. Nilisema mara mbili.

Kisha ganzi usoni, na vifuniko vya chuma machoni. Giza. Tak-tak-tak, na harufu ya kuku anayebabuliwa manyoya. Maumivu hakuna — ndiyo shida yenyewe, sikujua wanachoma wapi. Nikasikia Herim anaitwa ndani. Minong'ono. Tak-tak tena.

Nilipofunuliwa macho nina plasta kumi na nne. Moja iko juu ya haragwe!

Nikamuuliza muuguzi. Akasema huenda hiyo ni ya kukinga tu, maana lilikuwa na majirani. Nisibandue hata moja kwa wiki mbili, zisije zikaacha alama.

Huenda!

Alhamisi, 5 Oktoba

Tak, mwenyekiti wa kijiji, kasimamisha trekta lake ili anicheke vizuri.

"Kaka, umenyeshewa stempu? Unatumwa nchi gani?"

Kasema nimepoteza muda, yeye anatumia maji ya mchele na siki. Nilimtazama. Ana madoa yale yale, na wekundu wa siki juu yake.

Sasa napaka krimu, urefu wa vidole viwili, kila baada ya saa mbili, na kofia pana. Daktari kasema bila hivyo yatarudi yote. Mbwa kanibwekea asubuhi na adhuhuri. Mama Herim angecheka mpaka akae chini.

Jumapili, 8 Oktoba

Herim kapiga simu, sauti ya kilio. Mama Dohun kaenda kwa mpiga ramli. Mwisho wa mwezi ni siku mbaya! Siku njema ni tarehe 14. Plasta zinatoka tarehe 18.

"Utavaa barakoa, Baba."

"Nitakula vipi na barakoa?"

"Usile."

Nikauliza siku ile daktari alimwitia nini. Kasema kusaini. Kisha mtandao ukakatika. Mtandao wa Daegu haujawahi kukatika.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mkahawa wa heshima, chumba cha faragha, tumekaa kwa kutazamana. Mimi na barakoa. Mama Dohun, mwalimu mstaafu, mgongo kama rula — naye na barakoa. Baba Dohun peke yake uso wazi, una madoadoa kama yai la kwale.

Supu ya mwani ikaletwa. Hakuna aliyegusa kijiko. Supu ikatoa mvuke. Supu ikaacha kutoa mvuke. Herim alikuwa anakunja kitambaa cha mezani mara nane.

Mwisho nikasema, "Mniwie radhi, njaa haina adabu," nikashusha barakoa.

Mama Dohun kanikodolea. Taratibu kashusha ya kwake.

Plasta! Paji la uso, mashavu, hata puani!

"Mkwe," nikasema, "ngapi?"

"Ishirini na mbili. Na wewe?"

"Kumi na nne."

"Bado mdogo." Hakucheka hata kidogo. Kisha akacheka mpaka mbili zikanyanyuka. Kumbe yeye hakuuliza tarehe tu, kamlilia mpiga ramli ampe ya mbali. Kapewa ya karibu.

"Nilimwambia asiende," kasema Baba Dohun.

"Wewe nyamaza, hata nzi wanadhani wametua kwa wenzao."

Katika kicheko hicho plasta yangu ya kidevuni ikaangukia kwenye supu. Dohun kaitoa kwa vijiti vyake, kwa heshima, mikono miwili. Nimempenda kijana huyu. Nilijitazama kwenye kijiko: pale kidevuni pamekuwa waridi, safi, hapana kitu. Leza inafanya kazi kweli. Sikula tena.

Jumatano, 18 Oktoba

Siku ya kubandua. Nimetumia maji ya uvuguvugu. Kumi na mbili zimetoka, zote safi, ngozi ya mtoto. Kama nimeazima shavu la mtu.

Ya haragwe sikuigusa. Kesho.

Ijumaa, 20 Oktoba

Ilianza kunyanyuka ukingoni. Nimefumba macho nikabandika nyingine mbili juu yake.

Jumapili, 22 Oktoba

Herim kaja bila kuniarifu. Bila orodha — mara ya kwanza. Kanitazama sebuleni.

"Baba, wiki mbili zimepita."

"Bado pabichi."

"Kuna plasta tatu, zimepandana."

"Pabichi sana."

Hakucheka. Kaenda kulowesha taulo. Nami nimechukua daftari hili, niwe na kazi mikononi. Nasikia maji. Kama halipo, sitamgombeza. Ni harusi yake, na mimi ndiye niliyelala pale nikafunikwa macho kama kuku. Nitasema tu limetoka vizuri. Nimejaribu kulisema kwa sauti. Imebidi niliandike kwanza.

Maji yamefungwa.

Kasimama mlangoni na taulo, nimemwomba angoje nimalize mstari. Hakungoja. Kakaa kwenye kiti cha mama yake, ambacho tangu Februari hakikaliwi, taulo linamdondokea magotini wala hajali.

"Baba, kabla hatujabandua. Siku ile daktari alinishikisha lenzi nilione kwa karibu, halafu akaniuliza tena: likae au litoke."

"Ukasemaje?"

Kanyoosha kidole gumba, kakiweka juu ya zile plasta tatu, kakiacha hapo. Bado kipo. Naandika kwa mkono mmoja. "Likae," kasema. "Nilisema mara mbili."