Nilimwibia Mume Wangu Ua Lisilokaliwa na Vidukari

Mshauri mpendwa, nisaidie, ila kwanza niache nikwambie kwamba nina miezi mitano tu katika ndoa na bado nikisikia baiskeli ya Teunis ikiegemezwa ukutani moyo unaniruka, yaani mume kama huyu hayupo hapa De Lier wala Uholanzi nzima, na ndiyo maana jambo hili linanikosesha raha.

Teunis anafanya kazi kwenye nyumba za kioo za utafiti, wanachukua jeni za pareto, lile ua ambalo wadudu hulikimbia, wanazitia kwenye maua ya krisanthemumu ili vidukari wasiyakalie na wakulima wapunguze kupuliza dawa, na siku ya wageni akanionyesha ua moja la rangi ya waridi akaninong'oneza, "Kwenye daftari lina namba tu, lakini mimi naliita Fenna." Mshauri, Fenna ni mimi! Machozi yalinitoka. Alipogeuka kuongea na mkubwa wake nikavunja ncha yake nikaitia mfukoni, ingawa mlangoni wameandika kwamba hata jani halitoki, kwa kuwa mimea hiyo haina kibali cha kupandwa nje, nami nikajiambia kijitawi kimoja cha mapenzi kitamdhuru nani? Nikakiotesha dirishani kwenye chumba cha kufulia, ambako Teunis hajawahi kukanyaga.

Shida ni mama mkwe, Mama Truus. Alikuja kunywa kahawa, akachungulia chumba cha kufulia, akashangaa, "Mbona lako halina mdudu hata mmoja, na yangu yamejaa vidukari mpaka yananata?" Nikasema ni bahati. Kumbe kila nikienda kuleta biskuti, yeye ananyofoa! Jumapili nimekuta vyungu vinane kwake.

"Mama, umeniibia?"

"Nimekupunguzia tu, mwanangu. Kwani hujui kipandikizi cha kuiba ndicho kinachoota vizuri? Jumamosi mtaa mzima tunabadilishana mimea. Willemien, yule jirani anayejidai kwa maua yake, ataniona!"

Halafu jana mezani Teunis akaniambia wamelinganisha picha, wameona shina moja lilikatwa ncha siku ile ya wageni. "Mkubwa kauliza kama ni wewe," akacheka. "Nikamwambia, Fenna? Huyo namdhamini kwa kazi yangu." Akaendelea kula viazi kwa raha zake. Je, niviibe vile vyungu kimyakimya nivitupe, yaishe? Naogopa asije akaacha kuniangalia anavyoniangalia sasa.

Bibi harusi, De Lier

JIBU

Bibi harusi, hongera kwa ndoa, na pole kwa akili. (Jina lako nimelibadilisha, la ua pia.) Utasema mahaba yalikupofusha, lakini mikono yako ilikuwa inaona vizuri sana.

Usiibe tena. Ukoo wenu tayari una wezi wawili, wanatosha. Na usitupe kitu kwenye pipa la takataka za bustani, maana huko ndiko kitakakoota na kumfikia huyo Willemien bila kupitia kwa mama mkwe.

Leo, Teunis akifika, mwambie kabla hajakaa kula. Usianze na "nakupenda", hilo analijua. Anza na "ni mimi niliyekata." Kisha nendeni wote wawili kwa mama yake, mumweleze kwamba kazi ya mwanawe imo ndani ya vile vyungu vinane. Ataguna, atasema umemnyima raha ya Jumamosi, mwache aseme. Muulize mara tatu kama kuna jirani aliyekwisha kupewa, maana wanaogawa vipandikizi husahau. Chukueni vyote, na chako, na udongo wake, mfunge mifuko miwili miwili, na kesho asubuhi uende wewe mwenyewe na Teunis kwa mkubwa wake. Ulivunja kwa mkono wako, kabidhi kwa mkono wako.

Teunis atakasirika, na huenda kwa siku kadhaa asikuangalie kabisa. Vumilia. Jana alikudhamini bila kujua. Mwambie ukweli, umwachie yeye aamue kama atakudhamini tena akijua.