Propela Ifunguliwe

Jumatatu, 8 Juni 1998. Mpanda.
Ninashikilia, na nitatetea: gari la fo-wili likivutwa kwa magurudumu yake yote manne, propela ya nyuma, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, lazima ifunguliwe. Vinginevyo magurudumu huizungusha transfa, ile gia boksi ya pili, huku injini imelala. Mafuta ya kulainisha hayarushwi ipasavyo, na gia huungua. Gari letu la chanjo ya ng'ombe limekufa injini huko Karema. Hatuna jingine. Transfa nayo ikifa, wafugaji hawatatuona mwaka huu.

Dereva wetu, Mzee Zakaria, anasema kuweka transfa nyutro kunatosha. Nimemjibu kwamba kishikio chake kimelegea, huruka chenyewe na kuingia gia kwenye mashimo. Akauliza, "Msomi wetu, hilo gari umelisoma au umeliendesha?" Ofisi nzima ikacheka. Nimemwambia mkuu wa idara: likifika bovu, nilaumiwe mimi peke yangu.

Jumanne, 9 Juni.
Lori la kukodi, la kwenda kulivuta gari, limechelewa. Nimesoma kurasa kumi bila kuelewa hata moja. Nimezunguka soko mara tatu.

Jumatano, 10 Juni. Karema.
Nimefungua propela kwa mikono yangu na kuilaza nyuma ya gari. Magurudumu ya mbele nimeyaachia huru kwenye hab zake, vile vitovu vya katikati. Huku hawavuti kwa kamba; hukata mti, wakaufunga kwa minyororo kati ya magari mawili, ili la nyuma lisiligonge la mbele mteremkoni. Nimekubali bila ubishi. Jambo la nadra.

Alhamisi, 11 Juni. Njiani.
Niandike upesi.
Tulisimama kwenye mwinuko. Mnyororo ulikuwa umelegea. Mzee Zakaria, aliyeshika usukani wa gari letu, aliteremka kuukagua. Mimi nikapanda mahali pake, nikavuta handibreki hadi mwisho, nikashuka, nikaamuru mti ufunguliwe. Akapaza sauti, "Mawe kwanza, we kijana!" Nikamwambia handibreki ipo. Mti ukafunguliwa. Gari likarudi nyuma.
Aliruka ndani, mzee wa miaka hamsini na ushee, akakanyaga breki ya mguu. Likasimama kwenye kichuguu. Nyuma ya kichuguu ni korongo. Kifundo chake cha mguu kimevimba kama kiazi.
Akaniambia polepole, "Handibreki ya gari hili inashika propela, mwanangu. Na propela umeilaza huko nyuma kama muwa."
Nilijua. Mchoro wa breki hiyo kitabuni ninaukumbuka hata sasa. Sikuufikiria.

Ijumaa, 12 Juni. Mpanda.
Tumefika. Sikula.

Jumamosi, 13 Juni.
Fundi amefungua transfa. Mafuta safi, gia nzima. Nilikuwa sahihi. Sioni raha yoyote.
Mzee Zakaria amewaambia wote kwamba aliteleza akishuka garini. Leo wamenipongeza mbele yake, naye akapiga makofi akiwa ameegemea fimbo. Ukimya wake unanikera kuliko kicheko chao. Sikuomba kufichiwa.

Nimeandika karatasi ya ubao wa matangazo. Propela ifunguliwe, hapo sirudi nyuma. Lakini mawe yatangulie, na kosa la mlimani ni langu, kwa jina langu kamili. Mwisho nimeandika: Ninamtaka Mzee Zakaria asimame Jumatatu asubuhi mbele ya ofisi nzima, aseme yote aliyoyaona, kisha anijibu kama bado ananipa gari lake nilivute.