Chupa Kwenye Msumari

Jumapili, 9 Agosti 1992
Mume wangu! Naandika neno hilo, kisha naliangalia. Mume wangu Tahiru. Wiki imepita tangu arusi, na bado nikisikia baiskeli yake uani moyo unaruka kama wa msichana wa Senior One. Leo nilikuwa nasaga simsim, akanipaka puani makusudi. Tumecheka mpaka Kulusum, dada yake, akagonga ukuta.

Kitu kimoja tu kinanibana. Kwao, bibi arusi haongei na mama mkwe mpaka mama mwenyewe amfungue kinywa kwa zawadi ya nguo. Mama Hawah anasema nguo yangu bado inatafutwa. Basi tunaishi nyumba moja, na mimi nikitaka kitu napiga makofi, Kulusum aje. Mama anamwambia Kulusum, Kulusum ananiambia mimi. Tahiru anasema nyumba yake iko na redio mbili, moja haijawashwa. Nimempiga na mto!

Jumanne, 11 Agosti
Ameenda Arua kuleta samaki wakavu na sabuni. Hapa Koboko mvua kutwa. Nimelala na shati lake. (Usicheke, Zulaika, siku ukiyasoma haya uliyoandika mwenyewe.)

Jumatano, 12 Agosti
Amerudi! Lakini amerudi mgonjwa. Lori lilikwama kwenye tope, wakanywa maji ya kijito. Tangu alfajiri anaenda chooni, anarudi, anaenda tena. Bado anatania — anasema choo ndiyo bibi yake wa pili.

Anaomba maji. Mama Hawah amekataza. Maji inaongeza kuhara, anasema, tumbo iachwe ikauke. Anampa muhogo wa kuchoma na chai ya rangi, kidogo sana. Lakini mimi nimesoma! Mwalimu wa baiolojia alichanganya chumvi na sukari kwenye jagi la maji mbele yetu, tukaonja darasa zima. Kinachotoka lazima kirudishwe. Nimemnong'oneza Kulusum, Kulusum akamwambia mama. Mama akajibu akiangalia ukuta: "Ambia bibi arusi, mimi nazaa watoto saba. Yeye nazaa ngapi?"

Mama alipotoka nimemnywesha Tahiru vijiko vichache kwa siri. Amevitapika vyote.

Alhamisi, 13 Agosti
Hospitali, Arua. Naandikia pajani.

Asubuhi nilikaribia kutomtambua. Macho yameingia ndani, midomo imepasuka, sauti imekwisha. Nilibana ngozi ya tumbo lake, nikaiachia — ikabaki imesimama kama kitambaa. Hata Mama Hawah aliona. Umaru, jirani yetu, akawasha pikapu bila kuuliza neno. Njia nzima kichwa cha Tahiru kilikuwa mapajani mwangu, mama ameshika miguu, Kulusum ameshika beseni.

Sista Rosa Kiden alitafuta mshipa mkono wa kulia. Hakuna. Wa kushoto. Hakuna. Mishipa imelala, akasema, maji imeisha kwa mwili. Nikauma ncha ya shela yangu. Ndipo akaupata, karibu na kiwiko! Vyuma vya kutundikia dripu viko kwa wagonjwa wengine, kwa hiyo chupa yake inaning'inia kwenye msumari wa dirisha. Matone yanafuatana mbio mpaka yanakuwa uzi. Sikujua maji yanaweza kupendeza hivi.

Sista ametuonya. Hili gurudumu dogo la kufungia maji, kwenye mpira wa dripu, tusiliguse, maji lazima yakimbie. Chupa ikikaribia kuisha, tumwite. "Na akikojoa, mukuje mbio kuniambia. Hiyo ndiyo habari mimi nangoja."

Kukojoa! Nani angefikiri nitaliombea dua jambo hilo.

Ijumaa, 14 Agosti
Nimeongea. Nimeongea!

Nilikwenda bombani kuosha beseni. Niliporudi nikatazama chupa kwanza, maana siku hizi naitazama kuliko kioo. Hakuna tone. Chupa imejaa nusu, imesimama kimya, na ndani ya mpira, karibu na sindano, damu yake inapanda. Mama Hawah ameketi kando, kidole bado kiko kwenye gurudumu. Amelifunga.

Nikamtafuta Kulusum. Kaenda sokoni kutafuta uji. Sista yuko wodi nyingine. Sasa nimpigie nani makofi?

"Mama, fungua hiyo."

Mwanamke wa kitanda cha jirani akaacha kutafuna. Mama Hawah akanitazama usoni.

"Umeongea."

"Ndiyo, mama."

"Bila nguo."

"Bila nguo, mama. Fungua, nakuomba."

Akamwonyesha Tahiru kwa kidevu. "Baba yake waliweka chupa kama hii," akasema. "Kule Congo, wakati ya kukimbia vita. Maji iliingia mbio-mbio, na yeye akaenda mbio-mbio. Mimi naona hii, mutoto yangu iko nazama."

Kumbe! Nami nilidhani ni ukaidi tu.

"Hazami, mama. Amekauka. Ona." Nikabana ngozi ya Tahiru mbele yake, nikaiachia. Ikasimama. Akaitazama, akaitazama.

"Fungua wewe," akasema. "Mimi naogopa."

Nikafungua. Hakuna kitu. Hakuna — kisha tone. Tone lingine. Damu ikashuka, uzi ukarudi.

Sista alipokuja akaona chupa imechelewa, akatugombeza sote, mimi zaidi, kwa kuwa nimesoma. Mama akainuka: "Usigombeze huyu. Mimi ndiyo nafunga." Kulusum akaingia na uji, akatukuta tunaongea. Nusura aumwage!

Jumamosi, 15 Agosti
Chupa mpya kwenye msumari. Bado hajakojoa. Sista akipita anainua nyusi, sisi tunatikisa vichwa. Leo hakutabasamu. Ikifika jioni bado, daktari atakuja kumpima figo. Nimemwahidi Mungu vitu vingi, hata kupunguza kumpenda huyu mtu kupita kiasi — hapana, hicho nimekifuta.

Mama amelisugua kopo la mafuta kwa majivu, eti mtoto wake hawezi kukojolea uchafu. Sasa tunampa maji ya chumvi na sukari kwa zamu, kijiko kwa kijiko. Mama anasema mimi namwaga. Mimi nasema yeye anachelewa. Mama anasema bibi arusi wa zamani walikuwa na adabu. Tahiru akafungua jicho moja, akasikiliza, akanong'ona: "Redio yote mbili imewaka."

Nimelia mpaka shela imelowa. Mama naye alijifanya anafunga kilemba.

Nimekuja dirishani kuandika, chini ya chupa, penye mwanga. Zamu ya mama. Mkono wa Tahiru una joto kidogo leo, au natamani tu uwe nalo?

Anajigeuza. Anamnong'oneza mama kitu. Anaona haya!

"Zulaika!" Jina langu! Hajawahi kuliita. "Zulaika, kopo! Kopo iko wapi?"

Yarabi, nimelikalia mimi — nakuja, mama, naku