Watoto Wanacheza Mrisho

Mlandege, Iringa
6 Februari 1955

Kaka yangu mpenzi Mrisho,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ila goti langu na baridi ya Iringa bado hawajapatana. Wewe hujambo? Cherehani nayo?

Bibie ameposwa. Usishtuke, mwanao ana miaka kumi na sita sasa. Mposaji ni Alawi, muuza vitambaa, kijana mpole mpaka ananichosha. Tunataka akdi ifungwe Ijumaa tarehe nane Aprili, kabla ya Ramadhani. Mama yake alifariki ukiwa vitani, nikamlea mimi. Lakini walii ni wewe. Miaka tisa hujakanyaga hapa. Njoo, kaka.

Dada yako,
Mwamvita

Mbeya
27 Februari 1955

Dada Mwamvita,

Hatujambo huku. Cherehani inakanyagwa kwa mguu mmoja na haijalalamika. Nimefurahi kwa ajili ya Bibie. Ndani ya bahasha kuna uwakala: ami Matano amwozeshe kwa niaba yangu. Sitakuja.

Sababu unaijua. Siku niliyorudi kutoka Burma na magongo yangu, watoto walinifuata toka stendi wakirukaruka kwa mguu mmoja, na kiongozi wao alikuwa mwanangu mwenyewe. Nilimchapa, na baada ya siku saba nikahama. Nilidhani yamesahauliwa. Juzi Liberatus, dereva wa lori la mbao, kaniambia huku anacheka kwamba watoto wa Mlandege wana mchezo wa kuruka kwa mguu mmoja, na unaitwa Mrisho.

Nitapitaje pale siku ya harusi ya mwanangu? Namtamani mtoto yule kila siku, Mungu shahidi.

Kaka yako,
Mrisho

Mlandege
13 Machi 1955

Kaka,

Nakusalimu, ingawa nina hasira. Uwakala nimempa ami Matano. Kinyongo nakupa wewe.

Nilimsomea Bibie barua yako. Alilia kama siku ile uliyomchapa, kisha akanieleza jambo ambalo mimi mtu mzima nilikuwa silijui. Alikuwa na miaka saba. Alikuona unaruka na magongo yako barabarani, watu wazima wamesimama wanatazama. Akakunja mguu wake ili usiruke peke yako. Wenzake wakamfuata. Hebu kumbuka, ulisikia kicheko?

Ulipoondoka alichora vyumba uani kwa kijiti. Cha kwanza Mbeya, halafu Igawa, halafu Mafinga, cha mwisho Iringa. Mtu anatupa kigae, anaruka kwa mguu mmoja. Akikanyaga mstari, anarudi Mbeya. Akimaliza, wote wanapiga kelele: "Mrisho kafika!" Jina la mchezo limetoka hapo. Watoto wa sasa hawakujui. Wanachojua ni kwamba kuna Mrisho anayetakiwa afike.

Dada yako,
Mwamvita

Mbeya
3 Aprili 1955

Mwamvita,

Mko wazima? Mimi sina hakika. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi, naisoma, naikunja. Kicheko sikusikia. Nilimchapa mtoto aliyekuja kunipokea.

Juzi nilipanda basi. Igawa tukakuta mto umejaa, tukarudishwa. Nikataka kupeleka simu, nikaambiwa waya umeanguka. Mwambie ami asiutumie ule uwakala. Ningojeni, nakuombeni.

Kaka yako,
Mrisho

Mlandege
16 Aprili 1955

Kaka yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Barua yako imefika jana, pamoja na mifuko ya posta ya wiki mbili. Ndoa ilifungwa tarehe nane kwa uwakala wako. Hatukujua, kaka. Kila mgeni aliyebisha hodi nilidhani ni wewe, nikaunguza wali.

Lakini Bibie hajaenda kwa mumewe. Jioni ya akdi wanawake walikuja kumchukua, yeye akaketi chini.

"Ndoa sikatai," akasema. "Ila wa kunishika mkono anitoe nyumba hii ni baba. Mimi nimemngoja miaka tisa, Alawi naye angoje kidogo."

Mama mkwe amenuna, anasema jambo hili halijapata kutokea Iringa nzima. Alawi anakuja kila alasiri, anakunywa chai uani, anamtazama mkewe kwa mbali, maskini. Ramadhani imebaki wiki moja.

Nilipomsomea barua yako, Bibie alivaa viatu vya kwendea kwa mumewe, na mpaka leo hajavivua. Malori yameanza kupita Igawa. Panda lolote.

Dada yako,
Mwamvita