Baba Shiro, Ni Nani Anatuharibia Intaneti?

Baba Shiro,

Tangu tukuzike kule Ngoliba sijalala vizuri, na si kilio peke yake. Ni Otieno.

Wewe ndiye ulitukutanisha, mimi na yeye. Ukatufundisha kazi, ukatuachia hizi fleti za Mwiki tuziwekee intaneti. "Wairimu ana mkono, Otieno ana macho," ulipenda kusema. Lakini siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula, alinivuta kando akaniuliza ufunguo wa sanduku la swichi, kile kifaa kinachogawa nyaya za intaneti kwa kila nyumba, uko wapi. Siku ya mazishi, Baba Shiro! Halafu nikamwona mjini Thika, amekaa hotelini na vijana wa ile kampuni inayotunyemelea wateja. Aliponiona akanyamaza. Nikajiambia, ngai, Mungu wangu, huyu anatuuza.

Sikumwambia kitu. Nilipanda ngazi, nikafuta mipangilio yote ya swichi, nikaipanga upya vile nilivyokumbuka, na nenosiri jipya ambalo sikumpa. Ufunguo nikauvaa shingoni kama rozari.

Hazikupita siku nyingi, simu zikaanza. "Wairimu, net imeshika lakini hakuna kinachofunguka." Huyu yuko sawa, jirani yake hana. Nikizima swichi na kuiwasha, inarudi, kisha inampotea mwingine. Nilibadilisha waya. Nikakaza vichwa vyake. Nikailaumu mvua. Mama wa saluni akachoka, akahamia kwa wale wengine. Na kila mahali niliona mkono wa Otieno.

Yeye, aki ya Mungu, alikuja kila asubuhi na begi lake, akasimama chini ya ngazi. "Nikusaidie?" Namwambia niko sawa. Huku namtazama viatu, nione kama vina vumbi la huko juu.

Halafu nikakumbuka neno lako: "Usianze na nani. Anza na anwani, imetoka wapi?" Nikaenda kwa mteja mmoja aliyekuwa akilalamika, nikafungua kompyuta yake, nikaangalia anwani iliyopewa, ile namba ya kuitambulisha mtandaoni. Haikuwa yetu. Kulikuwa na rauta nyingine, kile kisanduku cha kusambaza Wi-Fi, ndani ya mtandao wetu, inawagawia watu anwani zake, na kila aliyepata moja alikuwa anaelekezwa mahali hakuna njia ya kutoka.

Nimemshika, nikasema. Nikaiuliza swichi ile rauta imeingilia tundu gani, kisha nikafuata waya wa hilo tundu ukutani, mlango kwa mlango. Na Otieno nikamwita anifuate. Nilitaka awepo nikiikuta. Nilitaka kumwona uso.

Waya uliingia kwako.

Mama Shiro alitufungulia akiwa na unga mikononi. Juu ya kabati, kando ya picha yako, ilikuwa ile rauta yako kuukuu ya majaribio, taa zinawaka. Alikuwa ameichomeka mwenyewe. "Si intaneti nilitaka," akasema. "Nikiiwasha, jina lake linatokea kwa simu." Akatuonyesha. BABA SHIRO, kati ya majina ya majirani. Kisha akauliza kama ameharibu kitu.



Otieno ndiye alinigeukia, polepole. "Lakini swichi ya mzee ilikuwa inakataa hii kitu. Aliifunga isikubali rauta ya mtu mwingine kugawa anwani. Nani alitoa hiyo?"

Mimi. Nilipoifuta. Niliogopa mtu wa ndani, nikaacha mlango wazi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliishusha rauta, akaizima ile kazi ya kugawa anwani, akahamisha waya, akaiacha itoe mawimbi tu. Jina halikuguswa. Mama Shiro alituwekea chai.

Tukiwa kwenye ngazi nikampa nenosiri. Tukaurudisha ule ulinzi wako, yeye akisoma, mimi nikiandika. Nikamuuliza, ufunguo siku ya mazishi ulikuwa wa nini? Akasema ulimwagiza wewe, ukiwa hospitalini, kwamba betri ya ndani ya sanduku imevimba na ibadilishwe kabla haijapasuka. Nikaiangalia. Kweli imevimba. Mimi hukuniambia, Baba Shiro. Kwa nini hukuniambia?

Ya wale vijana wa Thika bado sijamuuliza. Sitakudanganya, roho haijatulia. Kuna siku bado namtazama viatu. Lakini swali hilo nitamuuliza tukiwa tumekaa, uso kwa uso, na nitamwacha amalize kujibu.

Mama wa saluni hajarudi. Wengine wametulia.

Pumzika, mwalimu wangu. Mama Shiro huiwasha kila asubuhi kabla Shiro hajaenda shule, na nikipita na simu yangu nakuona. Hata tukibadilisha swichi, hata tukiachana njia mimi na Otieno, hilo jina hakuna atakayelizima. Nakuahidi.

Wako,
Wairimu